Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyolinunua gari langu, mwanangu, nayo ni siku Mzee Athumani aliponigombeza kule Changamwe mbele ya watu, nami nimevaa viatu vipya.

Gari lenyewe unalijua. Ni lile jeusi la Kijerumani linalolala uani kwangu hapa Mtopanga, lenye viti vya ngozi na milango inayofungika kwa sauti nzito. Lilikuwa limeshatumika miaka mingi nilipolipata, nami nilikuwa bado kijana. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba, wakaniachia wadogo watatu. Niliacha shule, nikaanza kukaanga mahamri, na kwa mahamri hayo wote watatu wakasoma mpaka wakatosheka. Sisemi haya ili nihurumiwe. Ni kazi yangu, na naionea fahari.

Mdogo wetu wa mwisho, Neema, alipochumbiwa na kijana wa Changamwe, nikasikia shangazi wa bwana harusi ameuliza, "Hao mayatima watamleta bi harusi na nini, mkokoteni?" Maneno yale yalinikaa kifuani. Nikamwahidi Neema kwamba nitampeleka kanisani mimi mwenyewe, ndani ya gari langu, usukani mikononi mwangu.

Katika kununua sikukosea. Nilitafuta kwa miezi. Nilikataa moja lililopakwa rangi juu ya kutu, na jingine ambalo namba ya chesisi haikulingana na karatasi zake. Hili nililipata Nyali kwa daktari mstaafu aliyehifadhi kwenye faili kila karatasi ya kila matengenezo. Akanikabidhi pamoja na galani ya maji maalumu ya kupozea injini, ya rangi ya buluu. "Rejeta ya gari hili hainywi kitu kingine, dada," akaniambia. Nikaitikia. Ilipokwisha, sikununua nyingine.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilitoka mahali pema. Wewe umezaliwa hapa, wajua visima vyetu vina chumvi. Maji yake tunaogea, tunafulia, tunaoshea vyombo. Maji matamu hununuliwa kwa mitungi, nayo ni ya kunywa na kupikia tu. Miaka yote niliyowalea wadogo zangu, aliyenawia miguu maji matamu alikiona cha moto. Sasa mtu kama mimi, ningeanzaje kulinunulia gari maji yake maalumu? Nikalinywesha ya kisima kwa miezi mitano, na bado nikajiona mwerevu.

Wiki mbili kabla ya harusi nikaliendesha kuelekea Changamwe, nia yangu nipite mbele ya nyumba ya yule shangazi, taratibu, kioo kimeshushwa. Sikufika. Nilipovuka Makupa mshale wa joto ulipanda hadi mwisho na mvuke ukafoka kwenye boneti. Wapita njia wakanisukuma mpaka banda la Mzee Athumani, fundi aliyezeekea kwenye magari ya aina ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wampikia nani?" akauliza, akiutazama mvuke.

Alingoja injini ipoe. Akafungua kifuniko cha rejeta, akakwangua ukoko mweupe kwa ukucha, akauonja, akatema.

"Wallahi, hii ni chumvi ya kuungia samaki! Mgeni akija kwako, wamkaribisha chai ya maji ya kisima?"

"La, mzee."

"Basi huyu mgeni wa Ujerumani amekukosea nini?"

Mafundi wote wakacheka. Nikamwomba aitoe tu thamostati, kile kilango kinachopitisha maji ya injini, kwa kuwa nilisikia wengine hufanya hivyo gari likichemka, ili niiwahi harusi.

"Mlango wako ukikwama, waung'oa ulale wazi?" Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Chumvi imeanza kula kichwa cha injini. Nikilifunga hivi hivi, litakufia njiani na bi harusi yumo. Likitengenezwa sawasawa, litakutumikia mpaka uchoke wewe. Lakini uje hapa kila siku ukishamaliza shughuli zako, ujifunze. Mimi sitengenezi gari la mtu asiyelijua."

Neema aliposikia akasema, "Dada, hata tuktuku itanifikisha." Nikakataa. Kila siku nilimaliza biashara, nikavuka kwenda Changamwe, nikavaa ovaroli juu ya dera. Nilishika tochi, nikaosha vipuri, nikajua mpira wa maji ukichoka unabonyea vipi na mafuta ya injini yakiungua yananuka vipi. Rejeta ikafungwa nyingine, kichwa cha injini kikapelekwa kusawazishwa. Siku moja kabla ya harusi Mzee Athumani akanirushia ufunguo, akaketi kiti cha nyuma kama tajiri. "Haya, nipeleke Mikindani." Tukaenda, tukarudi. Alikuwa amesinzia.

Kesho yake foleni ya Makupa ilitushika mimi na Neema kwenye jua la saa sita, tukasimama hapo hadi jasho likaniloa kitenge. Mshale ulikaa katikati, haukutikisika. Tulipofika kanisani, yule shangazi alilizunguka gari lote. "Limeazimwa kwa nani hili?"

Neema akashuka, shela mkononi. "La dadangu, shangazi. Na fundi wake ndiye huyo dereva."

Mwanangu, sijawahi kusimama wima kama nilivyosimama pale.

Nawe sasa wataka gari kubwa lililokwisha kutumika. Linunue, usione haya. Mtafute muuzaji mwenye karatasi zote, na fundi wako aliangalie kabla moyo wako haujalipenda. Ukishalileta nyumbani, uliza linakula nini na linakunywa nini, ulipatie hicho hicho. Usilipangie wewe kwa mazoea ya kwenu. Mazoea yangu ya maji yalilea watoto watatu, na mazoea hayo hayo nusura yaniulie gari. Na uchafue mikono yako mwenyewe, maana fahari ya kitu iko katika kukijua.

Mungu akuongoze kwenye gari la mtu mkweli, akupe fundi mkali asiyekuficha kitu, na kila utakayempakia afike salama akilitaja jina lako kwa heshima. Amina.