Siku Nilipowakimbiza Akina Mama wa Lubunga

Naona aibu mpaka leo, na mnaonifahamu mnajua mimi si mtu wa kuona aibu ovyo. Mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hutaja neno moja tu, "buti", nami nageuza mazungumzo haraka na kuulizia chai. Bon, leo nitasimulia mwenyewe kabla hajaniwahi, maana yeye akisimulia anatia chumvi, na kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Ilikuwa miaka ile ya vita, Kisangani imefungwa kila upande, chuo kikuu kimefunga milango, na mimi mwanafunzi wa sheria nimebaki kukaa kwa mjomba wangu, Tonton Faustin, nikila lituma yake, ndizi za kupondwa, na kubishana na kila mtu kama wakili. Aliyeniamsha kwenye kiti ni Mama Béa. Siku ya mabomu, sisi tumelala chini ya vitanda (nilifika chini kabla ya watoto, nakiri), nilichungulia dirishani nikamwona mama mmoja mnene wa makamo anapita katikati ya barabara tupu, kakaa nyuma ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, mkononi ameshika fimbo iliyofungwa shuka jeupe la kitanda. Alikuwa anamfuata mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa mtaa wa pili. Baadaye akarudi, safari hii yeye anatembea kwa miguu na kusaidia kusukuma baiskeli, mja mzito ndiye kapanda, na risasi zinalia huku na huku. Nilimwonea wivu ambao sijawahi kumwonea tajiri yeyote. Mapigano yalipotulia nikaenda kujiandikisha kwenye shirika la misaada alilokuwa akijitolea, nikaomba niwekwe kwenye timu yake na si nyingine.

Tulifundishwa kwenye ukumbi wa parokia, na Mama Béa alirudia sheria zilezile mpaka tukazikariri: mtu wa msaada hapandi gari la askari, hashiki silaha, havai kitu cha kijeshi. Kisha tukapewa jile, vile vizibao vya kaki vyenye mifuko mingi na alama ya shirika mgongoni. Jamani, ile jile! Niliivaa mpaka kwenye chakula cha jioni.

Tatizo likawa miguu. Nilikuwa na kandambili tu, na kesho yake ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi. Tonton Faustin, ambaye hawezi kuona mtu wa ukoo wake katoka hovyo, akaingia chumbani akarudi na buti nyeusi ndefu alizozinunua sokoni karibu na kambi ya Kapalata, kule askari wanakouza vitu vyao wakichelewa kulipwa.

"Vaa hizi, fils," akasema. "Na kandambili, batu batakuona kama mutu ya kuuzisha samaki."

Nikasita kidogo, nikaikumbuka sheria, halafu yule wakili aliyemo ndani yangu akasimama kutetea: wamekataza mavazi ya kijeshi, na kiatu ni kiatu, hakina bendera wala cheo. Kesi ikaisha hapo. Nikazipaka kiwi hadi zikang'aa.

Asubuhi tukavuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kuchongwa, kwenda Lubunga. Watu wengi wa upande ule walikuwa wamekimbilia porini, na huko porini surua ilikuwa inaua watoto. Chifu wa mtaa alikuwa amezunguka msituni kuwabembeleza akina mama watoke, walete watoto wachanjwe karibu na mto. Chanjo ilikuwa kwenye sanduku la barafu nililolipakata, na barafu yenyewe ilitoka kwa masista, kwenye friji lao la petroli, yaani mafuta ya taa, la mwisho lililokuwa linafanya kazi.

"Barafu ikiisha, dawa imekufa," Mama Béa akaniambia. "Na petroli ya masista imeisha. Barafu ingine sijui nitaipata wapi. Donc ni leo."

Miguu yangu hakuiona, maana sanduku lilikuwa limeifunika.

Tukafika. Akina mama walikuwa wamejipanga chini ya paa la stesheni ya reli, hatua chache kutoka mtoni, watoto mgongoni. Nikaruka mimi wa kwanza, jile yangu, buti zangu, kidevu juu. Pale ufukoni palikuwa na askari mmoja wa zamu, ambaye akina mama walishamzoea, akaona kaki, akaona buti zinang'aa, akakakamaa na kunipigia saluti.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angefanyaje? Angecheka, angesema samahani ndugu, umekosea. Mimi nikagonga visigino nikamrudishia saluti, tena nzuri, na (Mungu anisamehe) nikamwambia kama afisa, "Repos!" yaani legea.

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikapasuka: "Basoda! Banakuya kukamata batoto!"

Soda kwetu ni askari. Wakatawanyika karibu wote, wengine kandambili zimebaki, wengine vitenge vimebaki, na baadhi walikuwa bado wanasitasita, wanageuka kutazama, labda wangerudi wenyewe. Lakini mimi nikataka kurekebisha mambo. Nikawafuata mbio nikipiga kelele, "Musiogope! Musiogope!" Yaani mwanamume mwenye buti za jeshi anawakimbiza wao na watoto wao, halafu anawaambia wasiogope! Hata waliosita wakatimua mbio, nami nikajikwaa kwenye reli nikaanguka kifudifudi matopeni. Nilipoinua kichwa, palikuwa na kuku mmoja tu.

Mama Béa akaja taratibu. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea yote. Akazitazama buti.

"Toa hizo biatu."

Nikazivua, akazirusha ndani ya pirogi. "Ulifanya mubaya," akasema. "Utalia kesho. Leo tutengeneze."

Akaenda mahali peupe, mbele ya majani marefu walikojificha, akakaa chini kabisa, miguu kainyoosha, akaanza kuongea na yale majani kama mtu aliye barazani kwake. Akajitaja jina, akamtaja mama yake na kijiji alichozaliwa, akawataja watoto aliowazalisha upande ule wa mto. Halafu akanivuta mkono.

"Na huyu haiko soda! Muangalie soksi yake, matundu mutupu. Soda gani eko na woga kama huyu?"

Sauti ikatoka majanini: "Kama haiko soda, na ile sindano haiko sumu, mumupige yeye mbele!"

Hapo ndipo niwaambie jambo jingine. Mimi sindano siiwezi, tangu utotoni. Nikaanza kueleza kwamba kisheria dawa ile ni ya watoto, kwamba tungekuwa tunaipoteza, lakini Papa Alphonse, muuguzi wetu, alikuwa ameshaivuta kwenye sindano, na Mama Béa alinitazama tu. Nikakunja mkono wa shati, nikafumba macho.

"Mama yangu weee!"

Nilisikika mpaka ng'ambo, wananiambia. Nikaanguka mapajani mwa Papa Alphonse, machozi yananitoka. Majani yakaanza kucheka. Mwanamke mmoja akatoka anajifuta macho kwa kitenge. "Eh, ni kweli, huyu haiko soda," akasema, akamshusha mtoto wake mgongoni. Wakafuata wengine, na kila aliyepita kwenye sindano alinitazama na kucheka upya.

Jua lilipoanza kushuka tuligundua mmoja hakurudi. Jirani yake akasema ni Mama Sifa, mtoto wake mkubwa amekwisha kufa kwa surua, mdogo ndiye alikuwa mgongoni. Barafu ilikuwa imebaki maji ya baridi na vipande vidogo. Mwenye pirogi akasema anaondoka. Mama Béa akalibeba sanduku kichwani na kuingia porini, wala hakuangalia nyuma kuona nani anamfuata. Tukamfuata mimi na Papa Alphonse.

Tulimkuta nyuma ya kibanda cha shambani, amejikunyata, kamziba mtoto mdomo kwa kiganja ili asilie. Aliponiona akambana zaidi. Mpaka hapo nilikuwa nafikiri nimepata aibu. Sikuwa nimepata kitu. Nilisimama pale nikajiona mtu mbaya, na nikaogopa kusogea hata hatua.

Mama Béa hakutaja chanjo. Alikaa karibu naye, akauliza mtoto anaitwa nani, akanyamaza naye. Muda mrefu. Kiganja kikalegea.

"Ule mukubwa alikufa juu ya dawa haikukuwako," Mama Sifa akasema. "Na leo dawa imekuya, minakimbia."

Halafu akaninyooshea mtoto. "Weye ulinikimbiza. Weye utamushika."

Nikampokea. Alikuwa mwepesi mno. Papa Alphonse akatia mkono kwenye maji, akasema bado baridi, tuharakishe, na mtoto alipochomwa akapiga kelele nzuri yenye nguvu, na mimi nikalia pamoja naye bila kujificha.

Nilifanya kazi ile na Mama Béa mpaka vita vikaisha, na nimewajua wakubwa wengi tangu hapo, lakini kama yeye sijamwona. Niliapa siku ileile, na sijavunja: kila asubuhi kabla ya kutoka siulizi tena kama nimependeza. Najiuliza, Mama Sifa akiniona kwa mbali, atakaa au atakimbia?