Ng'ombe wa plau alitumbukia kisimani, nikataka kumtoa kibaharia

Wakuu, mwangaluka.

Ninayoandika yametokea kweli, kwetu Zagayu, Itilima, mwanzo wa mvua hizi. Makovu ya kamba bado yapo mkononi, na ushahidi mwingine sina.

Kidogo kunihusu. Mimi ni baharia wa meli za mizigo, mwaka wa kumi na nane sasa. Nilianza kwa kukwangua kutu, leo ni bosun, yaani msimamizi wa vijana wa deki. Miezi tisa majini, miwili mitatu nyumbani. Nimelelewa kwenye pamba na ng'ombe, na hadi namaliza shule maji mengi niliyowahi kuona ni ya ziwa pale Nassa, tulipokwenda msibani.

Kijijini kazi yangu haieleweki. Baba akiulizwa anajibu kwamba nipo kwenye maji huko, kisha anahamia habari za mbegu. Nikimweleza kuwa meli yetu ni ndefu kuliko kutoka kwetu hadi kanisani, ananiangalia kama muuza dawa wa mnadani.

Haya, tukio lenyewe.

Zilibaki siku mbili niende Bariadi kupanda basi la Dar, contract mpya ikiwa kwenye begi. Asubuhi tunakunywa uji, mama akapiga mwano. Kwa wasio wa kwetu: mwano ni yowe la kuita watu, na ukilisikia unaacha ulichoshika.

Meneja alikuwa ametumbukia kisimani.

Meneja ni maksai wa plau. Mwenzake anaitwa Karani. Shamba la mzee linalimwa na hao wawili, na ndiyo kwanza ardhi ilikuwa imelainika. Bila Meneja, msimu umekwisha kabla haujaanza.

Kisima kilikuwa kipya, hakijajengewa mdomo, kirefu kuliko watu wawili waliopandiana mabegani. Chini tope na maji ya magoti. Meneja hakuvunjika. Alisimama mle anapumua kwa kishindo. Upande wa Maswa wingu lilikuwa limefunga, na likitufikia, maji ya uwanja mzima yangeingia mle na kuta za udongo mweusi zingemfukia.

Watu wakasema tuchimbe mteremko atoke kwa miguu. Mdogo wangu Masunga akapima kwa macho, akasema hiyo ni kazi ya kutwa.

Hapo nikajitokeza. Wakuu, kuinua mizigo ndiyo kazi inayonilisha.

Masunga akachukua pikipiki kufuata kamba nene Bariadi. Mimi nikaazima kapi mbili kwa fundi anayejenga kanisa, pamoja na milunda yake mitatu mirefu, zile nguzo za jukwaa. Tukaisimamisha juu ya shimo kama mafiga, nikafunga kapi. Kamba ilipofika nikashuka mwenyewe, nikampitishia Meneja turubai la kuanikia pamba chini ya tumbo na kifuani, nikafunga fundo la bowline. Hilo halitelezi na halikazi hadi kuumiza. Nikapanda juu nimepakaa tope hadi masikioni, najisikia chief officer.

Wanaume kumi na wawili wakashika kamba. Shangazi Kabula, dada wa baba, kwetu tunamwita sengi, akaanza kuimba. Yeye ndiye mwimbishaji wa palizi ya pamba kwetu, hakuna jembe linaloinuka bila sauti yake.

Nikamkatisha. Nikatangaza kwamba kwenye kuinua mzigo anaongoza mtu mmoja, wengine kimya, macho kwenye mkono wangu. Mkono juu, vuta. Ngumi, simama. Meli zote duniani wanafanya hivyo.

Shangazi akakunja mikono.

Nikainua mkono. Wakavuta. Meneja akaacha tope, akapanda, akafika nusu. Akaanza kuzunguka, pembe zinakwaruza ukuta, nikakunja ngumi wasimame.

Hakuna aliyeiona ngumi.

Watu wa kwetu wakivuta kitu kizito wanageuka, kamba begani, wanatembea mbele kama maksai wenyewe. Wote kumi na wawili walikuwa wamenipa mgongo! Wa mwisho akahisi mzigo umegoma, akaacha. Mwingine akaendelea. Kamba ikawaponyoka, nikaidaka, ikapita mkononi mwangu ikiunguza, na Meneja akarudi chini kwa kishindo.

Safari hii alilala. Kichwa tu juu ya maji.

Baba alikuwa amesimama ukingoni. Hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko mkono. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

Shangazi akanisogelea. "Baba, huko kwenye meli yenu mnavuta kimya hivyo, mnaiba?"

Watu wakacheka, hata mimi. Nikamwomba samahani, nikamwomba aimbe.

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitashika mwisho wa kamba, sengi."

Nikaizungusha kamba mara mbili kwenye shina la mwarobaini, vile tunavyofunga meli gatini, ili kila walichovuta kisirudi. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, lakini bosi alikuwa anaonesha mkono.

Shangazi alitunga papo hapo, kwa Kisukuma. Meneja gani huyu anaingia ofisini kwa mgongo. Mtoto wa kaka amezunguka dunia, amerudi kutunyamazisha. Kila mwisho wa mstari wote wanaitikia, na kwenye kiitikio miguu kumi na miwili inakanyaga pamoja. Mimi navuta ulegevu, nakaza kwenye mti. Akitaka wasimame anaishikilia sauti, nao wanasimama. Hawakuhitaji kuona chochote.

Mvua ikiwa imekolea, Meneja akachomoza pembe, kisha nundu. Tukasukuma mbao chini yake, tukamvuta pembeni. Alilala muda, akasimama akitetemeka, akaanza kula majani ya paa la banda.

Siku ya nne alikuwa shambani. Masunga alinitumia picha nikiwa Dar.

Asubuhi ya kuondoka baba aliniita zizini. Alikuwa na kipande cha kamba.

"Lile fundo."

Nikamfungia mara moja taratibu. Akalifumua, akajaribu, likakataa. Mara ya tatu likakaa. Akalivuta kwa nguvu zote, halikuteleza.

"Fundo nimebaki nalo," akasema. "Wewe nenda."

Miaka yote siku ya safari huwa hatuonani, anawahi shamba. Siku hiyo alinibebea begi hadi barabarani.

Nilichojifunza ni kidogo. Kabla sijainua mkono kwenye deki, siku hizi naangalia kwanza vijana wamegeukia wapi.

Wakuu mliojifunza kazi mbali mkairudisha nyumbani kichwa kichwa, semeni na nyie ilikuwaje, nisiwe peke yangu. Network ninayo hadi tutakapong'oa nanga.