Askari Aliyegongwa na Maharage

Mtoto wa jirani yetu alirudi kutoka vitani na mguu mmoja, na mtaa mzima wa Rwezamenyo ukaamua kumpa moyo. Haukupita mwezi akaniambia kwamba kazi ya kupewa moyo inachosha kuliko kutembea kwa magongo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka uliotangulia, na sisi wa Kigali tulikuwa tumeshazoea vizuizi vya barabarani na redio zilizowashwa kutwa. Mama yangu alikuwa na mgahawa wa vyumba viwili si mbali na msikiti: asubuhi chai ya maziwa, mandazi na chapati, mchana maharage na ndizi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na nasubiri kazi ambayo mjomba alisema iko njiani. Kazi hiyo ilikuwa inatembea polepole sana, kwa hiyo nilihudumia meza.

Jirani tuliyepakana naye ua alikuwa mjane, Mkatoliki wa kutoka kusini, anauza makaa. Kiswahili alikuwa amejifunzia hapohapo mtaani, akikisema kwa ujasiri bila kukiomba ruhusa. Siku moja aliingia mgahawani na vumbi la makaa hadi kwenye nyusi, akakaa, akamwambia Mama:

"Mtoto yangu iko hosipitali. Mguu moja hakuna. Lakini mdomo iko."

"Umemwona?" Mama akauliza.

"Nimemuona. Amenigombeza sababu ya uji. Uji iko baridi, anasema. Mana yanjye, Mungu yangu! Nikajua huyu hatakufa."

Akacheka, kisha akalia, na Mama akamwekea chai iliyojaa sukari.

Kijana aliletwa nyumbani na gari la jeshi, koti la kijani limemzidi ukubwa, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini upande wa kushoto. Hata hajafika mlangoni, watu walikuwa wamejipanga kama wanaosubiri bwana harusi. Kila mmoja alisema neno lilelile: komera. Ndilo neno la Kinyarwanda la kumtia mtu nguvu, analoambiwa mfiwa, mgonjwa, na hata aliyejikwaa kidole. Siku ya kwanza aliwajibu wote. Siku ya pili aliitikia kwa kichwa. Siku ya tatu nilimkuta amejificha nyuma ya magunia ya makaa ya mama yake.

"Waambie nimelala," akaninong'oneza.

"Asubuhi yote hii?"

"Askari analala akipata nafasi, dada. Waambie hivyo. Watapenda."

Kweli walipenda. Waliondoka wakitembea kwa vidole vya miguu.

Halafu zikaja zawadi. Mayai, vitenge vya kumpa mama yake, rozari ingawa alikuwa nazo mbili, na tende kutoka kwa majirani Waislamu. Muuza viatu mmoja wa Kimisagara alipanda mlima mzima na boksi chini ya kwapa. Alilifungua mbele ya watu: viatu vyeusi, vipya, vinang'aa, vyote viwili. Tukaviangalia. Yeye naye akaviangalia, na jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Kile cha pili," akasema, "kile... utakitunza."

"Nitakivaa sikukuu," akajibu yule kijana kwa upole, na sote tukaanza kuzungumzia mvua.

Lakini jambo lililomkera zaidi ni hadithi. Kila mgeni alitaka kusikia alivyopoteza mguu, na kila mara alisema ukweli. Alikuwa mpishi wa kambi. Lori lililobeba magunia ya maharage lilikuwa linarudi nyuma kuelekea ghala, dereva hakuangalia, na yeye alikuwa ameinama anachochea kuni.

"Ndiyo, ndiyo," mgeni angesema, macho yamemtoka. "Na adui alikuwa upande gani?"

"Adui hakuwepo. Dereva ndiye aliyekuwepo."

Mgeni angeondoka akatangaze mtaani kwamba adui alitokea nyuma. Na kadiri hadithi ilivyokua, ndivyo na yeye alivyopandishwa cheo. Aliletwa nyumbani akiwa askari wa kawaida. Wiki ya kwanza fundi cherehani alimwita kaporali. Baadaye nilisikia sajenti. Mama yake alipinga mwanzoni, kisha akanyamaza. "Kama wanampa," aliniambia, "mimi nikatae kwa nini?"

Niseme pia kwamba si wote waliokuja kwa huruma. Zilikuwa siku ambazo watu walikamatwa kwa neno walilolisema na kwa neno ambalo hawakulisema. Kuonekana umebeba mayai kwenda kwa majeruhi wa jeshi kulikuwa na faida yake, na wengine walibeba mayai hayo juujuu ili yaonekane vizuri. Yule kijana alijua. Aliniambia aliweza kuwatambua kwa jinsi walivyozungumza kwa sauti, kana kwamba alichopoteza ni sikio.

Mbele ya mgahawa wetu palikuwa na benchi ambapo wanaume walicheza kisoro, bao la kwetu. Alipoanza kuzoea magongo alikuja kucheza. Zamani, kabla hajaenda jeshini, alikuwa mchezaji dhaifu kabisa. Walimfunga kama mtoto. Sasa akamshinda fundi cherehani. Akamshinda muuza nyama. Akamshinda mzee mmoja ambaye alijisifu kwamba hajashindwa tangu uhuru. Nilikuwa nakusanya vikombe, nikaona yule mzee anasukuma kete zake mahali ambapo hata mimi nisingezisukuma.

Kijana naye aliona. Akafuta ubao wote kwa mkono, kete zikaruka hadi barabarani.

"Kisoro mimi sijui!" akapiga kelele. "Tangu utoto sijui! Mguu ndio ulikuwa unanizuia?"

Wanaume wakatazama chini. Fundi akafungua mdomo, na kila mtu alijua lile neno linakuja.

"Usiseme!" kijana akamwambia. "Wewe, usiseme hilo neno lako."

Hapo Mama akatoka jikoni na unga mikononi. Wanawake hawakuwa wakikaa benchi lile. Alimwondoa muuza nyama kwa nyonga, akakaa, akazikusanya kete na kuzipanga upya.

"Mama, huu ni mchezo wa wanaume," fundi akasema.

"Mchezo gani? Mimi natibu mgonjwa."

Alimshinda kijana mara tatu mfululizo, haraka, bila adabu. Alimnyang'anya kete mpaka upande wake ukabaki mtupu kama sahani iliyolambwa, akajipangusa unga kwenye kanga na kumwambia, "Nenda kajifunze. Unatia aibu." Kijana alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka gongo moja likamponyoka na kuangukia mguu wa muuza nyama, ambaye aliomba radhi.

Kesho yake alikuja kabla hatujafungua.

"Mama, nataka kazi. Naweza kupika."

"Umepikia wangapi?"

"Kambi."

"Mimi sina kambi, baba."

Lakini alimpa kigoda na kumwonyesha jiko. Tatizo likajulikana mchana: hakujua kupika kidogo. Mkono wake ulikuwa umezoea masufuria ya kuogeshea mtoto. Alichukua sufuria yetu kubwa, ile ya harusi, akaimwagia maharage nusu gunia, na chumvi akaitia kwa ngumi. Mama aliporudi kutoka sokoni alikuta povu limefika mlangoni. Tulikula maharage hayo, wakala majirani, wakala wajenzi wa nyumba ya jirani, na yakabaki. Baba alirudi kutoka safari yake ya lori, akakaa, nikampa maharage. Akauliza kama kuna kitu kingine. Nikamwambia hakuna kitu kingine Rwezamenyo nzima.

Alijifunza polepole. Na alipojifunza, sina budi kusema, maharage yake yalikuwa mazuri kuliko ya Mama: mafuta ya mawese, kitunguu, seleri iliyokatwa dakika ya mwisho, moto wa chini usio na haraka. Wateja waliongezeka. Alikaa kwenye kigoda chake kama ofisa, akiamrisha "Sahani!" kwa sauti ya kambini, na niliwaona watu wazima, makarani wenye tai, wakinyooka kwenye foleni.

Ndipo konseye, kiongozi wa sekta yetu, akaja na wazo la kufanya siku ya kuwaunga mkono askari. Uwanja wa mpira ulipambwa kwa majani ya migomba, watoto wa shule wakafundishwa wimbo, na mgeni wa heshima akawa mpishi wetu. Hakuulizwa, aliarifiwa. Sisi tulipewa kazi ya chai.

Siku ile watu walijaa. Konseye alivaa suti yenye mabega makubwa na kushika kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi kila alipotamka neno "taifa". Alimtambulisha kijana wetu kama luteni.

"Luteni!" mama yake akasema kando yangu, amejishika kifua. "Leo wamezidisha."

"Na sasa," konseye akaendelea, "atatusimulia jinsi alivyopambana na adui uso kwa uso."

Kijana alichukua kipaza sauti. Alisimama kwa gongo moja. Nilimwona anamtafuta mtu kwa macho, na nadhani alikuwa anatafuta pa kujificha, lakini magunia ya makaa yalikuwa mbali.

"Mimi ni mpishi," akasema. "Niligongwa na lori la maharage. Lilikuwa linarudi nyuma."

Watoto wa shule wakawageukia walimu wao.

"Nimewaambia wote hivyo. Mmoja mmoja nimewaambia. Hamtaki."

Mama yake akasimama, mikono kiunoni. "Ni kweli! Dereva mwenyewe alikuja kwangu kuomba radhi. Alileta gunia!"

"Gunia la nini?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"La maharage!"

Fundi cherehani ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia kwa kofia, haikusaidia. Kicheko kikatoka kwake, kikapita kwa muuza nyama, kikawakumba walimu, na mwisho uwanja mzima ulikuwa umeinama. Kijana mwenyewe alicheka kwenye kipaza sauti, kikapiga mluzi, tukazidi. Wengi wa waliocheka siku ile hawapo tena. Nyuso zao nazikumbuka zikiwa hivyo, midomo wazi, machozi yanatiririka, na nashukuru kwamba nazikumbuka hivyo.

Konseye alinyakua kipaza sauti. "Kama mlivyosikia," akasema, bila hata kupepesa, "adui ameingia mpaka kwenye maharage!"

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana akaomba kipaza sauti tena, na konseye, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, akampa.

"Wenzangu wako hosipitali," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kuagiza sahani. "Mmoja ana mtoto hajamwona. Mwingine haoni kabisa. Ushujaa wanao wa kutosha. Hawana sabuni. Hawana mtu wa kukaa nao bila kuwaangalia kidonda. Nendeni mkasengenye watu pamoja nao, mkawaambie bei ya nyama, mkagombane nao. Na kwenye kisoro, jamani, wafungeni."

Akarudisha kipaza sauti na kwenda kukaa.

Ijumaa iliyofuata Mama alijaza sufuria ya harusi. Tuliipakia kwenye mkokoteni, kijana akakaa katikati ameikumbatia kwa mguu wake mmoja ili isimwagike, na wasukumaji wawili wakateremka nayo. Muuza viatu alikuja na sabuni. Yule mzee wa kisoro alikuja na ubao. Hospitalini mlinzi alitaka kujua sisi ni chama gani, kwa kuwa siku hizo kila kundi lilikuwa chama. Mama akamwambia ni chama cha chakula cha mchana, na kama anataka kuwa mwanachama alete sahani. Alileta. Tuliendelea hivyo Ijumaa nyingi, si zote. Mara nyingine barabara ilifungwa, mara nyingine maharage yalikosekana sokoni. Mzee alimfunga askari asiyeona, aliyecheza kwa kupapasa, halafu wiki iliyofuata akafungwa yeye, kwa haki kabisa, na akanuna hadi tunafika nyumbani.

Mtaani vyeo vikafutwa. Luteni, sajenti, kaporali, vyote vikaisha, watu wakamwita Mpishi. Nacho ndicho cheo pekee nilichomsikia akikiitikia.

Mwaka wa tisini na tatu alipata jiko lake mwenyewe Kimisagara, katikati ya karakana za mafundi, na seremala mmoja wa pale alimchongea mguu wa mti uliolia kama mlango. Mwaka uliofuata, mwaka wa yale mauaji, yeye alinusurika, mama yake hakunusurika. Hilo sina namna ya kulisema kwa mzaha, kwa hiyo nalisema hivi tu.

Lakini siku aliyofungua jiko lile sote tulikuwapo. Mama yake alikuwa amevaa mkanda mpya wa kiunoni na kumweleza kila mteja kwamba makaa yote ni yake. Mama yangu alienda moja kwa moja kwenye sufuria, akafunua, akachota, akaonja, akafumba macho.

"Chumvi haitoshi."

"Inatosha, Mama."

"Haitoshi. Mtoto gani wewe, tangu lini unaogopa chumvi?"

"Hapa ni kwangu. Ukitaka chumvi, iko mezani."

Mama akageuka kunitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya mashahidi, na nikaona amefurahi mpaka masikioni. Niliwaacha wakibishana juu ya sufuria na kwenda kuwahudumia mafundi, ambao walikuwa wameshajipanga foleni na mikono yao yenye grisi, wananyoosha sahani.