Nyimbo Alizozirudisha Adila

Begi la Adila halijawahi kukaa juu ya kabati. Linakaa nyuma ya mlango, zipu wazi, na nguo anazitoa humo humo kama mgeni. Ni mpangaji mwenzetu hapa Nianjema; chumba chake na changu vinatazamana uani. Amesomea lugha chuo kikuu mpaka shahada ya pili, na tangu amalize anaishi kwa mikataba. Miezi mitatu huku, wiki chache kule, mara afundishe badala ya mwalimu aliyekwenda kusoma, mara aende fildi kwa profesa fulani. Mkataba ukiisha anarudi, anaosha viatu vyake, anaanza tena kuandika maombi.

"Da Adila, umerudi?"

"Nimerudi, mama Najim. Bidhaa isiyouzika hurudi dukani."

Tunacheka. Bi Ashatu, mwenye nyumba, yeye hamuonei haya. "Shahada mbili, na dirishani bado umetundika khanga! Olewa, mwanangu. Hata huo nao mkataba." Adila hucheka kwanza, halafu uso unanywea kama andazi lililotolewa mapema kwenye mafuta.

Mwaka huu alipata kazi ya kukusanya lugha ya Kikwere. Profesa wake, mtu wa nje, alimwahidi kwamba akileta kitu kizuri atamwombea nafasi ya mwaka mzima. Mwaka mzima! Adila aliutaja kama mtu anayetaja kiwanja. Sasa kwetu upande wa mama ni Fukayosi, nikampeleka kwa bibi yangu, Bi Sikuzani, ambaye ni kungwi. Yeye ndiye aliyewafunda wali wa pale, vizazi na vizazi.

Bibi alimpenda. Alimpa hadithi, vitendawili, na matusi yote wanayotukanwa nyani shambani. Kisha akamuuliza, "Wewe umechezwa unyago?"

Adila akasema amechezwa, kwao Dunda, na shangazi zake.

"Basi kaa vizuri." Bibi akafunga mlango. Akamtazama mwanangu Najim mgongoni kwangu. "Huyu bado hajawa mwanamume, abaki."

Akaimba nyimbo za mkole, zile anazofundwa mwali na wanawake wenzake peke yao, penye mti wa mkole. Sauti ilikuwa inakatika, anameza mate, anaendelea. Kabla hajaanza Adila alimuuliza kama anaruhusu kurekodi, naye bibi akajibu, "Rekodi, kwani nakuficha nini?"

Adila alipompigia profesa kumweleza alichopata, mzungu wa watu alifurahi mpaka mimi uani nikasikia. Nyimbo kama hizo hawakuwa nazo. Nafasi ya mwaka ikawa kama imeshaiva. Ilibaki kuyaandika maneno na kutuma kila kitu kufikia Ijumaa.

Alasiri moja alikuwa anaandika uani, hedifoni masikioni, mimi nachambua mchele. Waya ukachomoka. Sauti ya bibi ikamwagika ua mzima, na Mrisho, mume wangu, alikuwa pale pale anatawadha. Niliacha ungo, nikaifunika kompyuta kwa kitenge changu kama ninayemfunika mtu aliye uchi.

"Zima, da Adila! Zima!"

Akazima. Mrisho alijifanya anakohoa, akatoka nje na miguu inachuruzika maji.

"Jamani, mbona kwenye kichen pati tunaimba, na maspika yanapiga mtaa mzima?" Adila aliuliza.

"Zile za sherehe. Hizi za ndani." Nikarudi kwenye ungo. "Hivi ukizituma zinakwenda wapi?"

"Kwenye hifadhi yao. Zinawekwa kwenye mtandao, watu wasome, wajifunze."

"Na wanaume?"

"Yeyote, mama Najim. Yeyote mwenye simu."

Nikajua bibi hakuelewa hivyo. Bibi aliuliza umechezwa, akaambiwa ndiyo, akamwimbia aliyechezwa. Kile kidude cha kurekodia kwake kilikuwa kama sikio la pili la Adila. Na Adila alidhani zote ni zile zile za harusini.

"Nani Fukayosi atakayejua?" alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe. Akaegemea ukuta, akafumba macho. "Nimechoka kuanza moja. Wallahi nimechoka."

Sikumwambia tuma, sikumwambia acha. Najim alilia, nikamnyonyesha. Asubuhi nilimkuta ameshavaa, amekaa juu ya ndoo mlangoni pangu.

"Nipeleke kwa bibi."

Tulimkuta bibi anamenya muhogo. "Shikamoo bibi." "Marahaba, wajukuu zangu. Mmeota njaa?" Adila akakaa chini, akamweleza yote bila kuzunguka: mtandao, simu, wanaume.

Bibi hakuacha kumenya. "Huyo mkubwa wako mwanamke?"

"Mwanamume, bibi."

"Basi akaimbiwe na bibi yake."

Nilicheka, Adila hakucheka. "Bibi, usipoziacha mahali zitapotea. Wasichana siku hizi hawaji."

"Hawaji, kweli. Wa mwisho kumcheza ni huyu." Alinielekezea kisu. "Wana shule, wana Dar yao. Nawalaumu? Siwalaumu. Lakini Mrisho akizisikia, mimi nitamtazama vipi akija kunisalimia na sukari yake?" Akatupa muhogo majini. "Hadithi chukua. Matusi ya nyani chukua, hata huyo mkubwa wako yatamfaa. Za mkoleni nirudishie."

"Nikizirudisha, kazi napoteza."

Hapo bibi aliacha kumenya. Alimtazama muda, kama anavyomtazama mtoto mwenye homa. "Najua, mama. Pole sana."

Basi. Akarudia muhogo wake. Adila alifungua kompyuta, akazifuta wimbo mmoja mmoja mbele yake, na kwenye kile kidude pia. Bibi alikuwa anauliza, "Imetoka hiyo?" Imetoka. Tulirudi Nianjema na mihogo kwenye kiroba.

Ijumaa alituma rekodi zilizobaki, akaeleza kwa nini nyimbo hazimo. Profesa hakumgombeza. Alimshukuru, akasema uaminifu wake ni wa kupigiwa mfano. Nafasi ya mwaka ikaenda kwa kijana mwingine wa mradi, naye Adila akapata kazi ya wiki chache Pangani, kusahihisha maneno ya kamusi.

"Angalau kuna upepo," Bi Ashatu alimwambia, na safari hii hakutaja kuolewa.

Jana alikuwa anafua nguo za safari. Nilikuwa ndani nambembeleza Najim, nikasikia anaimba chini chini, anasugua kwa mapigo yake. Ulikuwa ule wa tatu wa bibi. Alipokosea neno alirudi nyuma, akalipata, akaendelea. Nikatulia nisikilize.

"Hodi," Mrisho akaita kutoka mlango wa mbele.

Adila akanyamaza pale pale, katikati ya mstari. Akakamua nguo aliyoshika.

"Karibu, shemeji," alisema. "Njoo unisaidie zipu ya hili begi, imegoma tena."