Joho Juu ya Jeneza la Vernita

Ardelia aliliona joho kabla ya jeneza. Joho la zambarau, limepigwa pasi, limetandazwa juu ya dada yake kama kitambaa cha meza. Kanisani kwao, upande wa kusini wa Chicago, mwanakwaya huagwa kwa heshima hiyo. Lakini Vernita Gaskins hakuwa mwanakwaya. Mama Pettway, kiongozi wa kwaya, alimvua joho angali msichana, Jumapili ya Pasaka, watu wakitazama.

Kosa lilikuwa sauti yake. Jirani mmoja mwenye mashine ya ngoma alimwomba amwimbie kibao cha hausi, muziki wa kuchezwa klabuni, katika chumba cha chini cha nyumba yao. Vernita aliimba kama alivyofundishwa kanisani, akimshukuru Mungu aliyemwamsha asubuhi, ila ngoma ikidunda chini yake. Kibao kikavuka bahari. Kwenye jalada la santuri wauzaji wakaweka picha ya kisura mwembamba asiyeweza kuimba hata "haleluya". Vernita akacheka tu, akaendelea kufua mashuka ya hospitali, na kila Jumamosi akaimba klabu. Wengi waliokuja kumsikiliza walikuwa vijana waliofukuzwa na mama zao. Walilia wameinua mikono. Ardelia, aliyekuwa akimbebea chupa ya chai ya ndimu, hakuwahi kuona madhabahu iliyolowa machozi kama sakafu ile.

"Pole, mwanangu," alinong'ona Mama Pettway, akiketi kando yake, ananuka poda na peremende. "Tumemrudisha nyumbani."

"Lini, Mama? Figo zilipomlaza hukumletea hata supu."

"Hayo si ya kusema mbele ya maiti."

"Maiti anayajua."

"Basi tulia. Mchungaji atahubiri juu ya mwana mpotevu."

Ardelia akaligeukia joho. Kumbe ndiyo kazi ya joho: Vernita azikwe kama aliyetubu, na nyimbo zake zote zihesabiwe uchafu uliokwisha kuoshwa. Tena halikuwa hata lake. La Vernita lilikuwa la rangi ya damu ya mzee; haya ya zambarau yameshonwa juzijuzi.

Akainuka, akalivuta. Akalikunja pembe kwa pembe, akamwekea Mama Pettway mapajani.

"Shika nguo yako, Mama. Dada yangu hakupotea."

Kisha akageukia viti vya nyuma karibu na mlango, walikobanana Rozell na wenzake wa klabu.

"Rozell! Mbona mmejikunyata mlangoni kama wezi? Njooni mbele. Anza wimbo wake ule wa kuamshwa asubuhi."

"Humu, Dada Ardelia? Mbele ya wazee hawa?"

"Mbele ya Mungu, we! Hao wanangoja tu kuku wa kukaanga baada ya mazishi."

Rozell akaanza kuimba. Wenzake wakampokea, viatu vikadunda sakafuni. Mchungaji akaifunga Biblia yake polepole.

Ardelia akajifuta viganja kwenye sketi, akavisugua hadi vikawaka moto. Ndipo akapiga makofi.