Mkwe Atalala Wapi?

Mgeni akifika kwetu baada ya safari ndefu, kabla hajaulizwa habari za mvua wala za watoto, huulizwa kwanza: "Njiani ulilala wapi?" Kwa swali hilo mwenyeji anajua kama mgeni wake alipokelewa vizuri au aliteseka. Dada yangu Sabina asingeacha kuniuliza. Ndiyo maana siku ya kwanza ya likizo ile niliteremka garini na mkoba wangu nikasema sipandi tena.

Naitwa Alistidia, lakini hapa Kibeta, Bukoba, wengi wananiita Mama Violeth. Nimesoma hadi darasa la saba, nikaolewa, nikalima. Likizo nilikuwa naisikia kwa walimu na watu wa ofisini. Mtu wa kibanja, mwenye shamba lake la migomba, anaenda likizo gani? Migomba haikupi ruhusa. Safari zangu zote zilikuwa za msiba, za harusi au za kuuguza mtu.

Sabina ndiye mkubwa wangu. Aliolewa Rwanda, upande wa Kibungo, na mara ya mwisho kuonana tulikuwa tunamzika mama. Sasa miguu yake imekataa, hawezi kuja. Kila akipiga simu wakati wa senene ananiambia, "Wewe kaa tu huko. Nitakufa sijala senene za mkononi mwako." Mimi nacheka, halafu simu ikikatika nabaki nimekaa jikoni.

Kwa hiyo Violeth, mtoto wangu wa kwanza, alipokuja mwezi wa kumi na mbili na mumewe akasema, "Mama, jiandae, tunakupeleka kwa Mama Mkubwa Sabina," nilishukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Mumewe anaitwa Elikana. Ni mtu wa Mara kwa asili, lakini amekulia Dar es Salaam, na huko ni fundi magari. Alikuwa amechukua Hiace, akang'oa viti vya nyuma, akaifanya nyumba. Kulikuwa na kabati, jiko la gesi, sinki la kuoshea vyombo na tangi la maji chini yake. Anataka awe anaikodisha kwa watalii. Safari hii ilikuwa ya kuijaribu kabla watalii hawajaipanda.

Nusu ya Kibeta walikuja kuitazama. Mume wangu, Mzee Pastory, aliingia, akagonga mbao kwa kidole kama anayenunua kitanda, akatoka.

"Kazi nzuri, mkwe," alisema. "Ila choo kiko wapi?"

"Baba, choo kwa wenyeji," Elikana akajibu, na watu wakacheka.

Kitanda nilikiona. Sitasema sikukiona. Kilikuwa nyuma, kipana, kimetandikwa shuka la maua. Lakini malori yanayokwenda Mutukula nayo yana kitanda nyuma ya dereva, na hakuna anayefikiri kwamba abiria wote watalala pale. Nikajua ni cha mkwe kunyoosha mgongo akichoka, na kwamba usiku tutalala gesti kama watu.

Nieleze jambo moja hapa, kwa sababu vijana wa siku hizi wanajifanya hawalijui. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawalali chini ya paa moja. Tunaita obuko, ile heshima ya ukwe. Bibi yangu alisema anayeivunja mikono itamtetemeka mpaka ashindwe kushika kikombe. Ya mikono sina hakika nayo. Ya heshima nina hakika. Elikana akija Kibeta analala nyumba ndogo ya uani, yenye mlango wake, na mimi sikanyagi huko mpaka ameondoka. Hata maneno yetu hupita kwa Violeth.

Tuliondoka tumechelewa. Violeth aligombana nami juu ya mkungu wa ndizi.

"Mama, hii ni likizo, siyo soko! Ndizi Rwanda zipo."

"Zipo za kwao. Hizi ni za kwetu."

"Na gunia hili?"

"Mihogo. Na kopo hilo usiliweke chini, lina senene za dada yangu. Nimezikaanga mwenyewe."

Nilikaa kwenye benchi la nyuma ya dereva, kopo mapajani. Moyo wangu haukutulia. Nilikuwa nimesikia kwamba ukishavuka mpaka pale Rusumo magari yanakwenda upande wa kulia, na nikawaza mtu aliyezoea kushoto maisha yake yote atakumbukaje.

"Violeth, muulize mwenzako kama amewahi kuendesha kulia."

Elikana alikuwa mbele yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa bega.

"Anauliza kama umewahi kuendesha kulia," Violeth akasema huku anacheka.

"Mwambie mama sijawahi, lakini nitakwenda polepole."

"Anasema hajawahi..."

"Nimesikia," nikasema.

Tulipita Kemondo, tukapanda na kushuka vilima, na jua lilipoanza kulegea tulikuwa Muleba. Nilitegemea tutatafuta pa kulala mjini. Badala yake Elikana akakata kuelekea ziwani kwa njia ya vumbi, akasimamisha gari mahali penye nyasi fupi, karibu na wachuuzi wa dagaa. Chini yetu ziwa lilikuwa kimya, na visiwa vilionekana kwa mbali. Palikuwa pazuri, siwezi kukataa. Violeth akapiga picha za kutosha. Halafu akaingia garini, akavuta benchi nililokuwa nimelikalia. Likafunguka. Likawa kitanda cha pili.

"Mama, hapa utalala wewe," akasema, akipigapiga godoro. "Sisi hapa." Na hiyo "sisi hapa" ilikuwa mkono mmoja tu kutoka pale pangu. Katikati akavuta pazia. Pazia jepesi, la maua kama shuka.

Nilimtazama mtoto wangu. Nilidhani ananitania.

"Violeth. Mkwe atalala wapi?"

"Si hapa, mama. Kuna pazia."

"Nakuuliza tena. Mume wako atalala wapi?"

"Jamani mama! Dunia imebadilika. Watu wanapanda ndege usiku kucha, mkwe na mama mkwe wamekaa viti vya jirani, wanalala mpaka wanakoroma. Mbona hakuna anayetetemeka mikono?"

Hapo ndipo nilipojua. Alikuwa amelifikiria. Majibu alikuwa nayo tayari, ameyapanga tangu Dar es Salaam, na hakuniambia Kibeta kwa sababu alijua nisingepanda. Aliningoja nifike mahali ambapo siwezi kurudi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua utakataa bure, ukose kumwona Mama Mkubwa."

"Basi nikifika kwa Sabina akaniuliza nililala wapi, nimjibu nini? Nililala na mkwe wangu, tukatenganishwa na kipande cha kitambaa? Mbele ya mume wake na wakwe zake, nimwambie hivyo?"

"Mama, mwambie ulilala kwenye gari. Basi."

"Nimfiche dada yangu? Mimi?"

Elikana alikuwa nje, ameinamia gurudumu, na gurudumu lenyewe halikuwa na shida yoyote. Nilichukua mkoba wangu.

"Kesho asubuhi napanda basi, narudi Bukoba," nilisema. "Senene mtampelekea ninyi. Mwambieni mdogo wake alishindwa kufika kwa sababu ya adabu."

"Na usiku huu unalala wapi? Kwenye nyasi?"

Juu ya njia kulikuwa na nyumba ya bati jekundu, migomba imeizunguka. Nilipanda njia mpaka uani kwake, nikapiga hodi. Akatoka mama wa rika langu, kitambaa kichwani, mikono ina unga. Nilisalimia, nikamwambia ni msafiri, naomba mahali pa kulaza ubavu. Hakuniuliza jina kwanza. Aliniletea kigoda, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, ile tunayoiita akamwani, nikachukua punje mbili. Ndipo akaniambia yeye ni Mama Kashaija. Kisha macho yake yakateremka mpaka ziwani.

"Lile gari la chini ni la kwenu?"

"La mkwe wangu."

"Wanasema ni nyumba. Ina mpaka jiko. Sasa wewe, bojo mwenzangu, una nyumba na unaomba nyumba?"

Nikamweleza. Alikuwa ameketi, akasimama.

"Mae waitu! Chini ya bati moja?"

"Bati moja."

"Tena la Hiace! Ambalo hata mtu kusimama wima hawezi!" Akapiga makofi mara moja, akaketi tena. "Binti yako anafundishwa na watu gani huko Dar es Salaam?"

Nilijisikia mtu tena. Tukala ndizi na dagaa, nikalala chumba cha binti zake. Lakini usingizi ulikuja kwa shida. Mjini Muleba ningepata gesti, na njiani ningepata akina Mama Kashaija wengine. Je, baada ya Rusumo? Kinyarwanda sikijui. Ningegonga mlango wa nani, niseme nini? Kila nilivyopima, safari yangu iliishia pale pale. Hasira yangu haikupungua, na nilimwona Sabina amekaa mlangoni kwake, anangoja kopo.

Asubuhi Mama Kashaija akasema hawezi kumwacha mgeni ateremke peke yake. Akabeba kikapu chake cha kahawa, tukashuka. Nilikuwa nakwenda kuwaachia senene na kuwaaga.

Tulipokaribia nikaona ubavuni mwa gari kumefungwa turubai la bluu, jipya. Upande mmoja lilikuwa limeshikizwa kwenye miti miwili iliyochimbiwa ardhini. Chini yake palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka kulikuwa na shuka lile la maua. Bodaboda mmoja alikuwa amesimama kando, anafungua kamba, maana ndiye aliyemleta Elikana na turubai kutoka mjini. Mikono ya mkwe wangu ilikuwa na udongo hadi viwikoni. Aliponiona akatazama chini.

"Violeth," akasema, "mwambie mama mimi niliambiwa hana shida. Niliambiwa ameshakubali. Mama yangu mzazi angesikia nilitaka kulala vile, asingenipokea nyumbani."

Violeth alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, macho mekundu. Alifungua mdomo kuniambia, nikamzuia.

"Nimesikia. Endelea, wewe si ndiye mdomo wetu?"

"Mwambie mama," Elikana akaendelea, "kuanzia leo gari ni nyumba yake. Ufunguo atalala nao yeye. Mimi na wewe ni wageni, tutalala uani. Paa letu ni hili la turubai, halijashonwa na la kwake."

Mama Kashaija aliinama, akachungulia chini ya turubai, akavuta kamba kuona kama imekaza. "Mvua ikija mtalowa," akamwambia.

"Tutalowa, mama."

"Vizuri," akasema Mama Kashaija. Sikujua kama anamsifu au anafurahi watalowa.

Kwa mkwe hasira yangu iliisha pale pale. Nilikuwa nimemhesabia kosa lisilo lake usiku mzima. Kwa binti yangu ilikuwa bado mbichi.

"Umemdanganya mumeo," nilimwambia, "ukanidanganya mimi, ili usifunge turubai."

"Nilitaka usafiri kama watu wengine, mama. Kwa raha. Miaka yote umelala mahali pa mwisho, mahali palipobaki."

"Na wewe ukaniwekea mahali palipobaki. Nyuma ya pazia."

Nadhani hilo lilimwingia kuliko lile la obuko. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa unataka nikupigie magoti hapa, mbele ya wauza dagaa?"

"Piga."

"Mama!"

"Piga. Ulikuwa unapiga ulipokuwa mdogo, na magoti yako hayajazeeka."

Akapiga. Alianza anacheka, akamaliza analia, na wale wachuuzi wakaacha kupima dagaa wakatutazama. Elikana alikuwa amegeukia ziwa. Nilimwinua mtoto wangu, nikamfuta vumbi magotini. Sikumwambia nimesamehe. Nilimwambia apandishe mkoba wangu.

Mama Kashaija aliniachia punje za kahawa zilizofungwa kwenye jani kavu la mgomba. "Mwenye nyumba hakosi cha kumpa mgeni," akasema. Jioni hiyo, tuliposimama Ngara, niliketi kwenye mlango wa Hiace nikampa Violeth kahawa ile ampelekee mumewe uani. Mvua ilinyesha. Nilifunga mlango kwa ndani, nikawasikia chini ya turubai wakisukumana, kila mmoja akimwambia mwenzake yeye ndiye aliyefunga kamba vibaya. Moyo wa mzazi ulinisukuma nifungue. Sikufungua.

Kesho yake tulivuka Rusumo. Elikana aliendesha kulia polepole mpaka baiskeli zikatupita, na mimi macho sikuyatoa barabarani. Sabina alikuwa mlangoni kwake, kama nilivyomwona akilini, amekonda, fimbo mapajani. Nilimpa kopo kabla ya kumkumbatia. Alilia, akala senene kadhaa, akamtazama Elikana aliyekuwa anashusha ndizi, akatazama gari kwa muda mrefu. Shemeji na wakwe wote walikuwa wamekaa pale.

"Njiani mlilala wapi?" akauliza.

Violeth akainua kichwa, akanitazama.

"Mimi nililala kwangu," nikamjibu dada yangu. "Mkwe alilala uani."

Sabina akaitikia kwa kichwa, akachukua senene nyingine.