Picha Zilizovuka Ukuta

Mtaani walimwita Mama Picha, ingawa hakuwa mama wa mtu. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Jina lilitoka kwenye studio yake, chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, chenye pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti, stuli moja, printa iliyopenda kutafuna karatasi, na kompyuta iliyosukumwa hadi ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na chumba cha kulala, na humo ndimo alimolala mumewe, Breki.

Breki alipewa jina hilo na madereva wenzake. Miaka yote aliyoendesha malori ya masafa marefu hakuwahi kukimbilia kitu. Wenzake wakimpita wakimpigia honi, yeye huwapungia mkono na kusema, "Nendeni tu, mtanikuta mbele." Wala hakuangushwa na mwendo. Lori lilikuwa limesimama, injini imezimwa, yeye yuko juu ya mzigo akifunga turubai, kamba ikakatika mkononi. Alishukia mgongo kwenye sakafu ya ghala. Alipozinduka hospitalini mikono ilikuwa yake bado, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini palikuwa kama pa mtu mwingine.

Basi Mama Picha akawa muuguzi bila kusomea. Akajifunza kumgeuza ubavu huu na huu asiote vidonda, na vilipoota akajifunza kuvisafisha bila kukunja uso. Akajifunza kubadilisha mpira wa mkojo. Asubuhi anamwogesha, anamlisha, ndipo anafungua studio. Mteja akitoka, anakimbia ndani. Mteja mwingine akibisha, anakimbia nje huku akijifuta mikono. Breki alitazama dari. Televisheni ilikuwepo mbele ya kitanda, lakini stesheni chache zilizoshika zilirudia mambo yale yale, hata akawa anajua mtangazaji atakohoa wapi.

Dada yake Breki, mwenye kibanda cha nguo za mitumba sokoni, alikuja kila Jumapili. Huyo ndiye wifi yake Mama Picha. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na huruma kubwa, lakini huruma yake ilitoka kwa njia ya kuamuru. "Wifi, mto huo uinue kidogo. Wifi, mbona shuka hii ina mikunjo? Kaka yangu ataumia." Kisha anajifunga kanga yake vizuri na kuondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama Picha alimsindikiza hadi mlangoni, akashukuru, akarudi kunyoosha shuka.

Wazo la kuunganisha kompyuta na televisheni lilimjia siku alipomwona mumewe akihesabu kwa sauti misumari ya dari. Kompyuta yake ilijaa filamu alizopewa na wateja, tena ilikuwa na intaneti. Akamwomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta apitishe waya. Mwenye nyumba akasema, "Nyumba yangu si chujio, mama." Ndipo muuza vifaa wa dukani akamwonyesha njia ya bila waya: kijiti cha plastiki kama kidole gumba kinachochomekwa nyuma ya televisheni, na ruta ya kurushia mawimbi ndani ya nyumba. Ukibonyeza mahali kwenye kompyuta, kila kinachoonekana pale kinaonekana na kwenye televisheni.

Breki alilishika boksi la ruta, akaligeuzageuza, akasoma lililoandikwa juu yake. "Wifi," akasoma. "Kumbe dada yangu siku hizi wanamuuza kwenye boksi?"

Mama Picha alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo lugha ya nyumba. Picha ikiganda katikati ya filamu, Breki hupaza sauti, "Wifi yako kanuna!" na Mama Picha huihamisha ruta, leo juu ya kabati, kesho kwenye korido, hadi akagundua kwamba mlango wa chuma wa korido ukiachwa wazi picha hutulia.

Baada ya filamu likaja gemu la kuendesha malori. Mama Picha alilipata kwa mteja, akanunua na pedi ya kuchezea isiyo na waya, ambayo mawimbi yake yaliupenya ukuta bila shida. Alipomwekea mumewe pedi mkononi na barabara ikafunguka kwenye televisheni, yenye mistari myeupe na milima kwa mbali, Breki aliishika kwa mikono miwili kama usukani. Kisha akawasha injini.

Lori lile lilikuwa na kasoro yake. Picha ilichelewa kidogo kuvuka ukuta, hivyo ukikata kona sasa, lori linakata baadaye. Siku za mwanzo Breki aliangusha mizigo mitaroni, akalitukana. "Hili gari limekula ugali mwingi! Unaliamsha, linajinyoosha kwanza!" Lakini alikuwa dereva. Akajifunza kukata kona kabla ya kona, kukanyaga breki kabla ya kuona sababu. Mama Picha akiwa anachapisha picha za wateja, kompyuta huelemewa na barabara hukwamakwama, na sauti ya mumewe huja kutoka ndani: "Nani kaweka mawe njiani huko?" Wateja wakacheka. Wengine walipigwa picha wakiwa bado wanacheka, ikabidi wapigwe upya. Na alipofungua picha zao bila kukata mawimbi kwanza, Breki aliziona kubwa ukutani mwake na kutoa maoni: "Huyo bwana mwambie afunge kifungo cha shingo! Na huyo mama mzuri, lakini nani kamchokoza?"

Huo ndio ulikuwa wakati wao mzuri, na haukudumu. Msimu wa mvua ulipoanza, kidonda cha mgongoni kilichokuwa kikifunga kikafunguka tena, kikachimba ndani. Homa zikaanza kuja na kuondoka. Hospitali walimlaza, wakamrudisha, wakamlaza, wakamrudisha, na kila akirudi alikuwa mwepesi zaidi mikononi mwa mkewe. Harufu ikaingia nyumbani, harufu isiyotoka kwa sabuni wala kwa dawa ya kufutia sakafu. Wateja wakaanza kusimama mlangoni badala ya kukaa. Mama Picha alikuwa akisinzia akiwa amesimama, kamera mkononi. Siku moja alimpiga mtu picha, akajikuta hakumbuki kama ni mwanamume au mwanamke.

Mchana mmoja mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya mabati. Hakukuwa na mteja. Alikuwa amemrushia Breki filamu, na alipochungulia akamwona amefumba macho. Akarudi studio, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye meza. Ndipo mdogo wake, aliyeolewa nchi ya mbali, akapiga simu ya video. Mama Picha akaipokea pale pale kwenye kompyuta.

"Dada, mbona umekonda hivyo?" mdogo wake akauliza.

Swali dogo tu, lakini lilimkuta vibaya. Mama Picha akaanza kulia, na alipoanza kulia akaanza kusema. Akasema habari ya kidonda, ya mgongo wake mwenyewe unaouma, ya wifi na mikunjo ya shuka. Kisha akasema lile ambalo hakuwahi kujiambia hata yeye.

"Nimechoka, mdogo wangu. Nikimgeuza naomba asiamke. Namwomba Mungu amchukue, na mimi nipate kulala."

Mdogo wake akashika mdomo. "Dada! Unamwombea mume wako afe?"

Mvua ilikuwa imepungua ghafla, kama zinavyofanya mvua za msimu ule. Na katika kimya kile, kutoka ng'ambo ya ukuta, ikaja sauti ya mdogo wake mara ya pili, imechelewa kidogo, kubwa, sauti ya televisheni: "...mume wako afe?"

Mama Picha alitazama pembe ya kioo cha kompyuta. Alama ya kurusha mawimbi ilikuwa inawaka. Hakuwa ameikata.

Hakujua alivukaje korido. Alimkuta Breki macho wazi, ametazama mbele. Kwenye televisheni uso wa mdogo wake ulikuwa umejaa ukuta, ukiita, "Dada? Dada, uko wapi?" na kwenye pembe, katika kidirisha kidogo, kilionekana kiti kitupu cha studio na pazia jeupe.

"Kata simu," Breki akasema taratibu. "Mtoto wa watu anamaliza bando lake bure."

Akaenda akakata. Akarudi, akasimama mlangoni. Breki akaomba maji. Akampa maji.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyegomba, na kugomba kungekuwa nafuu. Alimwogesha naye akaoga, alimlisha naye akala vijiko viwili vitatu. Lakini alipomletea pedi, Breki akaisogeza kando ya mto. "Leo sisafiri," akasema. Na kesho yake vile vile. Hatimaye Mama Picha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mume wangu, yale maneno uliyoyasikia..."

"Mimi sikukusikia wewe," Breki akamkatiza. "Mvua ilikuwa kubwa. Nilimsikia mdogo wako tu." Akatafuta pumzi. "Wewe nilikuona uso."

Jumapili wifi alipokuja na maagizo yake, Breki akamwambia mbele ya mkewe, "Dada, nataka kuja kukaa kwako."

Wifi akamtazama Mama Picha kwa jicho kali. "Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu. Nataka kubadilisha hewa. Mtu hawezi kutaka kwenda kwa dada yake?"

Mama Picha alilia, akakataa, akaapa kwamba mumewe hatatoka mlango ule. Breki akamshika kiganja kwa mkono ambao homa zilikuwa zimeuachia nguvu kidogo tu. "Nilikuona umechoka. Pumzika, mke wangu." Na hata leo hajui kama ilikuwa huruma au ilikuwa adhabu. Sauti haikuonyesha.

Wakamchukua kwa pikapu, amelala juu ya godoro, turubai limefungwa juu kumkinga na manyunyu. Mama Picha alikaa kando yake, ameshikilia mwamvuli usiohitajika.

Kwa wifi alikwenda kila jioni baada ya kufunga studio. Breki alimpokea kwa adabu, kama mgeni anayeheshimiwa. Aliulizia wateja. Hakuulizia gemu wala yeye hakulitaja. Usiku Mama Picha alilala peke yake kwenye kitanda kile kipana, akalala usingizi mzito wa mtu aliyepigwa, na akiamka asubuhi mwili umepata nafuu, aliuonea haya mwili wake.

Breki alifariki asubuhi moja, wifi akiwa anamchemshia maji ya kuoga. Mama Picha alikuwa studio, akimwambia mteja ainue kidevu, simu ilipoita.

Msibani watu walikuja wengi, madereva kwa wateja. Wakamshika mikono, wakamwambia kwa nia njema yale ambayo watu huambiana: "Amepumzika, mama. Ameteseka sana. Na wewe sasa utapumzika." Kila mmoja aliyeyasema alimchoma, na hakuna aliyejua kwa nini mjane yule alikuwa anatikisa kichwa badala ya kuitikia.

Watu walipotawanyika, alibaki kumsaidia wifi kufungasha vitu vya marehemu. Walikuwa wanakunja mpira wa kutandikia kitanda, huyu ameshika ncha hizi, yule ncha zile, ndipo Mama Picha akashindwa kuvumilia.

"Wifi, kuna jambo nililisema. Siku ile kabla hajaja kwako..."

"Najua," wifi akasema. "Aliniambia siku ile ile alipofika."

Mama Picha akaachia ncha za mpira. "Alisemaje?"

"Alisema amekuja kwangu kwa sababu mimi sichoki." Wifi akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi! Wifi, niliyekuwa naleta midomo kila Jumapili na kuondoka. Wiki ya pili tu nilikuwa nimekaa jikoni nalia. Nilimfokea. Nilimfokea kaka yangu kwa sababu alikojoa. Akaniambia, 'Basi dada, samahani.' Hivyo tu. 'Samahani.'"

Mama Picha alikaa kando yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake usilie. Nje mtu alikuwa anakusanya viti vya kukodi, akivipanga kimoja juu ya kingine kwa kelele.

"Ulimwambia nini alipokuambia?" Mama Picha akauliza baadaye. "Kuhusu mimi."

"Nilikutukana. Akaniambia ninyamaze." Wifi akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Sikunyamaza."

Waliumaliza mpira, wakakunja mashuka, wakakubaliana kiti chake cha magurudumu, alichokalia mara chache, kipelekwe hospitali. Lilibaki godoro. Lilikuwa limeoza katikati, halifai kumpa mtu. Wakalishika huku na huku, likawa zito kuliko walivyodhani, wakapumzika mara mbili ukumbini kabla ya kulifikisha nje.